UZI: Mwanamke wa ziwani na mapigo matatu. Ngano za Wales kwa sisi tunaoandika simulizi za mapenzi na viumbe wasioonekana

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Huu uzi ni mrefu, ukiwa na haraka uhifadhi uje usiku. Nawaandikia hasa wale wanaoandika simulizi za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wasio wa dunia hii. Simulizi hizi zinapendwa sana, lakini nyingi zinachoka ndani ya sehemu kumi. Kijana anakutana na mrembo, mrembo si binadamu, wanapendana, kisha mwandishi anakosa pa kwenda na kuanza kuleta vita vya falme. Mimi yalinikuta. Mwaka juzi niliandika moja na kuwapa wahusika majina ya Kiwelisi. Wasomaji wakaniambia huyu ni jini yule yule tunayemjua, umembadilisha jina tu. Ilinichoma, lakini walisema kweli.

Nikaamua kurudi kwenye ngano zenyewe. Kitabu cha Wirt Sikes cha 1880 (alikuwa konseli wa Marekani pale Cardiff) na vile vya John Rhŷs vya 1901 havina hakimiliki tena, viko bure mtandaoni. Nimevisoma kwa miezi, na nilichokiona ndicho kimenileta hapa. Katika ngano hizi, uzuri wa yule kiumbe unasimuliwa kwa sentensi mbili tatu. Kinachoibeba hadithi yote ni SHARTI. Anaolewa kwa sharti, anaishi kwa sharti, anaondoka kwa sharti. Sisi tunachukua uzuri na kuliacha sharti, ndiyo maana hadithi zetu hazina uti wa mgongo.

Nianze na jina. Wawelisi wanawaita hawa viumbe Tylwyth Teg. Tylwyth ni ukoo, watu wa nyumba moja. Teg ni -zuri, na pia ni -a haki. Kusini, upande wa Glamorgan, wanaitwa Bendith y Mamau, yaani Baraka za Akina Mama. Majina yote mawili ni ya kuwabembeleza. Unamsifu mtu unayemwogopa ili akupitie mbali, kama wazee wetu wanavyokataza kumtaja nyoka kwa jina lake usiku. Kwa hiyo mwandishi akiwaleta kama vitoto vyenye mabawa wanaorukaruka kwenye maua, amekosea tangu jina. Hawa ni watu. Wana ng'ombe, wana baba mkali, wana mahari, wana kumbukumbu ndefu.

Sasa tuingie ziwani.

Llyn y Fan Fach ni ziwa dogo chini ya genge la Mynydd Du, Mlima Mweusi, katika Carmarthenshire. Masimulizi yaliyochapishwa 1861 yanaiweka hadithi mwishoni mwa karne ya 12. Mjane wa Blaensawdde, karibu na Llanddeusant, ana mtoto mmoja wa kiume anayechunga ng'ombe kando ya ziwa hilo. Siku moja kijana anamwona mwanamke ameketi juu ya maji, anachana nywele, maji ndiyo kioo chake. Kijana anafanya nini? Anamnyooshea alichonacho mkononi, mkate wa shayiri na jibini aliofungiwa na mama yake.

Mwanamke anasogea, anautazama mkate, anasema: mkate wako umekauka, si rahisi kunikamata. Anazama.

Kijana anarudi nyumbani, anamweleza mama. Mama anasema kesho peleka unga uliokandwa, usiookwa. Siku ya pili mwanamke anasema: mkate wako ni mbichi, sikutaki. Lakini safari hii anatabasamu kabla ya kuzama. Mama anafikiri tena, anaoka mkate nusu. Siku ya tatu kijana anakaa pale tangu alfajiri, mvua inanyesha, jua linatoka, ng'ombe wake wanapotelea kwenye majabali wala hawaangalii. Jioni, alipokwisha kukata tamaa, anawaona ng'ombe kadhaa wakitembea juu ya maji, na yeye nyuma yao. Anaupokea mkate.

Naomba mkae hapa kidogo. Uchumba mzima umesimuliwa kwa mkate. Mkavu sana, mbichi sana, wa katikati. Hakuna aliyesema nakupenda. Na mama yupo ndani ya mapenzi haya tangu mwanzo, kwa mikono yake, jambo ambalo waandishi wa mahaba ya kizungu wa siku hizi hulikata, maana mashujaa wao wengi ni yatima.

Anakubali kuolewa, lakini anasema: siku utakayonipiga pigo la tatu lisilo na sababu, nitakuacha milele. Kwa Kiwelisi *tri ergyd diachos*, mapigo matatu bila sababu.

Nasimama kidogo, naendelea chini.

#2 Mdau, Tanga

Dada, nimeweka kambi. Swali moja kabla hujaendelea. Sisi huku tuna jini mahaba. Anampenda mtu, anamfungia ndoa, akija mchumba anavuruga. Hawa wa kwako wanatofautiana naye wapi? Isije ikawa tunarudi kule kule walikokusema wasomaji wako.

#3 Mleta uzi

Kaka yangu wa Tanga, umegusa penyewe.

Jini mahaba ndiye anayemtaka mtu. Mtu huenda hana hata habari, na akijua anatafuta wa kumtoa. Hofu iko wakati wa kuingia. Kwa mwanamke wa ziwani mambo yamegeuka: binadamu ndiye anayeomba, siku tatu, kwa mkate. Na hofu yote iko wakati wa kutoka. Hakuna anayemwita mganga amwondoe. Watu wanalia kwa kuwa ameondoka.

Halafu jini, kwa imani yetu, ana mahali pake katika dini, ameumbwa kwa moto, yuko mwislamu na yuko kafiri. Tylwyth Teg hawana nafasi hiyo, na watu wa Wales hawakukubaliana ni nini hasa. Ndiyo maana sitaki tuwatafsiri kuwa majini wala vibwengo. Tuwaache na jina lao.

Tuendelee.

Kijana aliposema ndiyo, mwanamke akazama tena. Akatoka mzee na mabinti wawili wanaofanana kabisa. Mzee akasema: nakupa binti, ukinionyesha ni yupi kati ya hawa. Kijana anatazama, haoni tofauti. Anakaribia kushindwa. Mmoja anasogeza mguu mbele kidogo tu, na kijana anaona namna kamba ya kiatu ilivyofungwa. Anamtambua kwa hiyo.

Mahari sasa, na safari hii anayetoa ni upande wa mwanamke. Mzee anasema: nitampa kondoo, ng'ombe, mbuzi na farasi, kila aina kwa idadi atakayoweza kuhesabu kwa pumzi moja. Binti anahesabu kwa tano tano: moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, mpaka pumzi inakatika. Wanyama wanatoka majini kwa hesabu hiyo.

Wakaenda kuishi shamba la Esgair Llaethdy, karibu na Myddfai. Wakapata watoto watatu wa kiume. Miaka mingi ya raha.

Pigo la kwanza: wamealikwa ubatizo. Mke anasitasita, anasema ni mbali. Mume anamwambia akamchukue farasi shambani, yeye anaingia ndani kumletea glavu. Anarudi, mke bado amesimama pale pale. Anamgusa begani kwa ile glavu: nenda, nenda. Mke anageuka: hilo ni moja.

La pili: harusini. Watu wanacheka, yeye analia. Mume anamgusa begani, una nini? Anajibu: nalia kwa sababu hawa wawili wanaingia kwenye taabu, na taabu yako nawe imekaribia, maana hilo ni la pili.

La tatu: msibani. Watu wanalia, yeye anaangua kicheko. Mume kashtuka, anamgusa: nyamaza, usicheke. Anasema: nimecheka kwa sababu anayekufa ametoka kwenye taabu. Anasimama. Pigo la mwisho limepigwa.

Akaenda shambani akawaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina la rangi yake, pamoja na fahali mweupe wa kutoka nyumba ya mfalme. Mwisho akamwita ndama mdogo mweusi aliyekuwa ameshachinjwa na kutundikwa kwenye ndoano, naye akashuka mzima akafuata. Maksai wanne wa kijivu walikuwa wanalima. Wakaenda na plau yao, wakichora mfereji ardhini maili sita hivi hadi ziwani. Maji yakajifunga.

Kila nikifika kwa yule ndama naweka kitabu chini. Hata kilichokufa nyumbani kwake kilikuwa chake.

#4 Mdau, Nairobi

Mimi sijakubaliana na hii hadithi, mtanisamehe. Mtu kamgusa mkewe begani kwa glavu, unaita pigo? Tena msibani, mtu anacheka mbele ya wafiwa, wewe ungefanya nini? Hapa mume kaonewa. Msomaji wa kiume atafunga simu.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, nilifikiri hivyo hivyo kwa muda mrefu. Soma tena ni wakati gani anamgusa. Ubatizo, harusi, msiba. Mara zote ni mbele ya watu au njiani kwenda kwa watu. Nyumbani kwao, miaka yote ile, hakuna pigo hata moja. Anamgusa pale anapoona aibu. Mke anaona kitu ambacho wengine hawakioni, ubongo wake umepimwa kwa mizani ya ziwani, na mume aliyemwomba kwa siku tatu na mkate anataka afanane na majirani.

Hiyo kwangu ndiyo ndoa. Wala haihitaji mtu mwovu. Ukitaka kuandika mapenzi ya binadamu na asiye binadamu, tatizo lao la kweli liko kwenye shughuli za watu: nani atakaa naye jikoni, atalia saa ngapi, atacheka saa ngapi. Falme zinazopigana hazitakupa hilo.

Na kama unaona mume kaonewa, mwandike akionewa. Mpe sehemu nzima ya kuhesabu moyoni: limebaki moja. Mtu anayeishi na mke anayempenda huku akiogopa mkono wake mwenyewe. Nakuhakikishia msomaji wa kiume hafungi simu.

#6 Mdau, Cardiff

Habari za humu. Niko Wales mwaka wa tisa sasa, nafurahi kuona uzi huu kwa Kiswahili. Niongeze mawili.

La kwanza, matamshi. Waswahili tuna bahati, sauti nyingi tunazo. *dd* ni dh ya dhahabu. *th* ni th ya thelathini. *ch* ni kh ya kheri. *f* moja inasomwa v, *ff* mbili ndiyo f. *w* mara nyingi ni u, kwa hiyo Annwn, nchi yao ya chini, ni kama "Anun". Blodeuwedd, yule mwanamke wa ngano aliyeumbwa kwa maua, ni kama "Blodeiwedh". Ile *ll* tu ndiyo kazi: weka ulimi kama unasema l halafu pumua pembeni.

La pili, hii lugha iko hai. Barabarani imeandikwa ARAF, punguza mwendo. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,000 hivi wanaoizungumza, kama asilimia 17.8. Kwa hiyo mkichukua majina, yachukueni kwa adabu, yana wenyewe. Nimeona simulizi za Kiingereza zinazompa shujaa wa kiume jina la kike kwa kuwa linasikika vizuri.

#7 Mleta uzi

Asante sana mkuu wa Cardiff, #6 naomba kila mtu aisome mara mbili.

Umetaja Annwn, niingie huko, kwa wale wanaotaka shujaa wa kiume mwenye mamlaka. Katika Mabinogi, ngano za kale za Kiwelisi zilizohifadhiwa kwenye Kitabu Cheupe cha Rhydderch na Kitabu Chekundu cha Hergest vya karne ya 14, Pwyll mtawala wa Dyfed anamkosea Arawn mfalme wa Annwn kwa kunyang'anya windo la mbwa wake, mbwa weupe wenye masikio mekundu. Fidia: wabadilishane sura na nchi mwaka mzima. Pwyll analala kitanda kimoja na mke wa Arawn, malkia mzuri kupita wote, ambaye anaamini huyu ni mumewe. Kila usiku Pwyll anageukia ukingoni, hasemi neno hadi asubuhi. Mwaka. Arawn akirudi anamshika mkewe, mke anashangaa, miezi kumi na miwili hujanigusa wala kunisemesha. Ndipo Arawn anajua ana rafiki wa namna gani.

Niambieni ni simulizi gani ya mahaba yenye joto kama la kitanda hicho. Na hakuna aliyemgusa mtu.

Kisha Rhiannon. Anapita juu ya farasi mweupe kwa mwendo wa taratibu, na hakuna farasi wa Pwyll anayemfikia, kadiri wanavyokimbia ndivyo anavyozidi kuwa mbali. Siku ya tatu Pwyll anachoka, anamwomba asimame. Anasimama, na kumwambia ingekuwa heri kwa farasi wako kama ungeomba mapema. Yeye ndiye aliyekuja kumtafuta Pwyll ili asiozwe mtu asiyemtaka.

Yuko pia Gwyn ap Nudd, anayetajwa kuwa mfalme wa Tylwyth Teg. Yeye na Gwythyr wanampigania Creiddylad kila tarehe 1 Mei mpaka siku ya mwisho, na binti amewekwa nyumbani kwa baba yake, hapewi yeyote. Miaka yote hii hakuna aliyemuuliza Creiddylad anamtaka nani. Hiyo nawaachia, anayeiweza aichukue.

#8 Mdau, Mombasa

Bibie, tumekuelewa. Lakini tuseme ukweli, anayesoma mahaba anataka mwisho wa furaha. Hizi zako zote zinaishia kwenye maji. Nikiandika hivyo kundi langu lote la WhatsApp litanihama.

#9 Mleta uzi

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, na jibu nilipata kaskazini, milima ya Eryri.

Kule sharti ni la chuma. Kijana wa Ystrad, karibu na Betws Garmon, alimkamata binti wa Tylwyth Teg wakicheza kando ya ziwa Cwellyn. Akakubali kuolewa ila asipigwe kamwe kwa chuma. Miaka ikapita, siku moja mume akimfukuza farasi alirusha hatamu, chuma chake kikampata mke. Akatoweka. William Williams aliiandika hadithi hii mwaka 1802, na kuna watu kule walioitwa Pellings waliosemwa kuwa uzao wake.

Sasa sikilizeni yanayosimuliwa upande wa Drws-y-Coed. Sheria ya kwao ilimkataza mke kukanyaga tena ardhi pamoja na binadamu. Basi likapatikana bonge kubwa la nyasi na udongo likaelea juu ya ziwa. Anasimama juu yake, mume amesimama ukingoni, wanazungumza saa nyingi, na hivyo wakaishi mpaka kufa kwao. Ziwa hilo linaitwa Llyn y Dywarchen, Ziwa la Bonge la Nyasi, na Gerald wa Wales alikuwa ameshakiandika kisiwa kinachoelea cha milima hiyo tangu karne ya 12.

Bonge la nyasi si ardhi! Sharti halikuvunjwa, halikufutwa, walilipatia mlango. Mdau wa Mombasa, mwisho wako wa furaha uko hapo. Usimfanye mkuu wa falme aliondoe sharti kwa huruma, msomaji atajua umemdanganya. Wapenzi wenyewe walisome neno kwa neno kama watu wanaosoma mkataba wa shamba, watafute neno linaloacha nafasi. Na bei iendelee kulipwa. Wale walipata maongezi, hawakupata kitanda.

Hata Llyn y Fan Fach haikuishia majini. Mwanamke alirudi kwa wanawe. Alimtokea mkubwa, Rhiwallon, akampa mfuko wa maelekezo ya tiba na kumwonyesha mitishamba inakoota. Rhiwallon na wanawe watatu wakawa matabibu wa Rhys Gryg, mtawala aliyefariki 1234, na tiba za Meddygon Myddfai, yaani Matabibu wa Myddfai, zimo ndani ya Kitabu Chekundu kile kile. Kazi hiyo ilishikwa na ukoo hadi karne ya 18. Kanisani Myddfai kuna jiwe la kaburi la John Jones, daktari mpasuaji, aliyefariki 1739. Alimwacha mume, hakuwaacha wanawe.

Na mwanzoni mwa karne ya 20 ziwa lile lilijengewa bwawa ili maji yaende mjini Llanelli. Anayetaka simulizi ya leo, aanzie hapo. Mlango wa nyumba yake umewekewa ukuta, na maji yake yanatoka bombani kwa watu.

#10 Mdau, Tanga

Sasa hapo kwenye bomba umenimaliza. Dada, wewe yako umeianza? Na sharti lako ni lipi, maana mapigo na chuma wameshavitumia wenyewe.

#11 Mleta uzi

Nimeianza, kaka. Ni fundi wa mita za maji pale Llanelli, kijana wa Kiwelisi anayeishi na mama yake, na mwanamke aliyetoka kwenye mtaro wa kupozea mtambo. Mkate upo, na mama ndiye anayeoka.

Sharti nimelikata kutoka kwenye ule uzi wetu wa #5. Amemwambia: usinisahihishe mbele za watu. Ya tatu naondoka. Kijana amecheka, akasema hilo tu? Nimefika sehemu ya nne, na juzi kwenye foleni ya benki, mwanamke alipomwambia karani jambo la kweli ambalo halikupaswa kusemwa, kijana akamkonyeza aache.

Sijaamua kama kukonyeza kunahesabiwa. Yeye anasema kunahesabiwa.

Sehemu ya kwanza naiweka humu Ijumaa baada ya Isha.